Maji ya Jiwe la Wifi

Kaka yangu ni fundi vioo, na kama umewahi kuishi na fundi vioo unajua wanavyoudhi. Hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kwenda dirishani kwanza, salamu baadaye. Atapitisha kidole pale kioo kinapokutana na fremu, na akikuta uwazi hata wa kupita unywele, atatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Hapa upepo unaingia," atasema. Mara ngapi nimemwambia, kaka, wenzako wanataka upepo uingie! Hasikii. Kwake yeye kazi nzuri ni ile isiyopitisha kitu, iwe maji, iwe vumbi, iwe harufu ya vitunguu vya jirani.

Mimi ni mdogo wake na nashona nguo. Cherehani yangu iko barazani kwake tangu nilipoachana na yule bwana ambaye leo sina haja ya kumtaja. Baraza hiyo imepakana na chumba cha kaka, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia nikiwa nimekaa kazini kwangu. Wapo wanaosema napenda kusikiliza mambo ya watu. Waseme. Mtu akikaa kwenye cherehani, mikono na miguu vina kazi lakini masikio hayana.

Katika chumba kile, kwenye meza ndogo kando ya kitanda, kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku kulikuwa na jiwe.

Lilikuwa jiwe la kahawia, chafu-chafu, lenye kujaa kiganja, lakini upande wake mmoja ulikuwa umeota vipande bapa vya kijani. Nasema umeota kwa sababu sina neno jingine. Vilikuwa vyembamba kama karatasi, kila kimoja na pembe zake nne zilizonyooka, utadhani kuna mtu alikaa mahali na mkasi mdogo akavikata kimoja kimoja. Vilisimama vimeegemeana. Kijani chake siwezi kukieleza, na mimi ninashinda na vitambaa, najua rangi. Nimewahi kutafuta kitambaa cha rangi ile kwenye maduka yote ya mjini nikarudi mikono mitupu. Jua la asubuhi likiingia, mwanga ulipita kwenye kioo na kwenye matone ya maji yaliyotanda ndani ya sanduku, na ukutani palikuwa na doa hafifu la kijani lililotembea taratibu kutoka kwenye kalenda mpaka kwenye msumari wa kutundikia nguo. Nikiingia kufagia saa hizo nilikuwa nasahau ufagio mkononi. Nilikuwa nasimama tu.

Watu wa mtaani walisema linawaka gizani. Uongo mtupu. Umeme ukikatika lilikuwa giza sawa na vyombo vingine vyote.

Jiwe hilo alipewa na mkewe wakati wa uchumba. Wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchambuaji kwenye mgodi wa shaba, ule uliokuja kufungwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mkanda unaopitisha mawe na kutoa yasiyo na faida, na mawe ya kijani ya aina ile yalitupwa kwenye kifusi nyuma ya uzio kwa sababu wanunuzi wa shaba hawakuyataka. Yana urani, walisema, ni jiwe la mionzi. Siku hizo neno mionzi lilipita masikioni mwetu kama jina la mtu wa nchi nyingine. Wifi alipita kwenye kifusi akitoka kazini, akaliona linametameta baada ya mvua, akaliokota.

Alikuwa na maneno matamu yule mwanamke. Alikuwa akikaa nami barazani, ananitolea nyuzi kwenye pindo, na sauti yake ya chini chini, mpaka mguu wangu unasimama kwenye cherehani bila mwenyewe kujua.

"Wifi," aliniambia, "usidhani jiwe lile lilizaliwa jiwe. Lilianza safari likiwa maji."

"Haya, anza," nilimwambia. "Nipige kamba."

"Sikupigi kamba. Chini kule kuna mwamba mweusi, mzito, wenye urani, umelala zake. Mvua inanyesha. Maji yanashuka kwenye nyufa, na hewa yake, mpaka yanaufikia ule mwamba, yanaulamba kidogo, yanabeba urani kidogo. Ukiyachota hapo huoni kitu. Yanaendelea. Yanapita penye shaba, yanabeba shaba. Yanapita penye fosfeti, ile ile ya kwenye mifupa na mbolea, yanabeba. Yanatembea hivyo, wifi, babu wa babu yako hajazaliwa. Halafu yanafika kwenye mwanya uliotulia, hakuna wa kuyasukuma, na vile vyote yalivyobeba vinaanza kushikana. Vinaketi. Karatasi juu ya karatasi. Shaba inaleta kijani chake. Na katikati ya karatasi moja na nyingine, maji yenyewe yanabaki mle mle."

"Yanafanya nini humo?"

"Yanashikilia. Jiwe likiachwa penye joto au hewa kavu, maji yanatoka, linapauka na kuchanika nyufa. Na yakishatoka, hayarudi tena."

Hayo aliyasikia kwa wapimaji wa mgodini, akayapanga upya kwa mdomo wake. Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala, nalala. Lakini siku ile nilishona mkono wa gauni kinyume ikabidi niufumue.

Siku anampa kaka lile jiwe nilikuwepo, nimekaa kitako na pini zangu mdomoni. Alilifungua kwenye leso, akamwekea kiganjani, akamwambia, "Liweke na maji. Likikauka, ujue umenisahau." Halafu akageuka akanikonyeza. Mimi nikajua ni mambo ya wapendanao, nikacheka.

Kaka hakucheka. Kaka yangu ukimwambia neno analichukua kama lilivyo, halipunguzi wala halionji. Alikwenda karakana akakata vioo sita, akaviunga kwa gundi nyeusi ya vioo vya magari, akatia mpira kwenye mfuniko, akalijaribu sanduku kwa kulizamisha kwenye ndoo. Halikuingiza hata tone. Ndani akaweka sponji iliyoloweshwa, na jiwe juu yake. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alifungua mfuniko, akainama mpaka pua yake ikawa karibu kugusa kijani kile, akamimina maji ya kikombe kwenye sponji kwa kijiko, polepole, na kusema, "Umeamkaje, mke wangu?"

Na wifi alikuwa akimjibu kutoka kitandani, "Mkeo yuko huku!" Kila siku. Nami barazani nacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Upepo wa kiangazi ulipokuwa unamtia wasiwasi, kaka alitoa bawaba za dirisha la chumbani akaweka kioo kimoja kizima, hakifunguki. Chumba kikawa kama chupa. Wifi alilalamika joto, kisha akazoea. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, na hatimaye ndio uliomwangusha. Katika siku zake za mwisho alimshika kaka mkono akamwambia, "Mume wangu, lile jiwe liache lipumzike. Na wewe upumzike." Kaka alinitazama mimi, machozi yakimtoka, akaninong'oneza kwamba mgonjwa anaweweseka. Asubuhi baada ya mazishi nilimsikia akifungua mfuniko. "Umeamkaje, mke wangu?" Nilikaa kwenye cherehani nikingoja jibu, mjinga mimi, kwa mazoea. Sindano ilinichoma kidole siku ile na sikusikia.

Tangu hapo akaanza kuota. Alikuwa akijilaza baada ya chakula cha mchana, akiamka anakuja barazani na mikunjo ya mto shavuni, anakaa kwenye kigoda changu cha wateja.

"Mdogo wangu, leo nilikuwa maji."

"Mteja anakuja kupima, kaka. Kuwa maji pembeni."

"Nilikuwa nashuka kwenye mwamba. Giza, lakini naona. Sina mikono. Kila ninapopita ninachukua kitu kidogo, na sichoki. Nilijua kuna mahali mbele nitakaa." Akajipapasa shavu. "Nikaamka kabla sijafika."

Nilimfyonya, lakini sikumfukuza. Mteja mwenyewe, mwanamke mwenye haraka zake, alikaa akamsikiliza mpaka mwisho na akasahau kuniuliza gauni lake.

Sasa njoo kwa binti yake, maana hapa ndipo roho zetu zilipokuwa juu. Ni mtoto wake wa pekee. Ni mpiga picha za mifupa kwenye hospitali ya mji mwingine, zile picha za mionzi, ndiyo maana sisi nyumbani tunamwita Mpiga Picha. Kazini wanavaa kibandiko kifuani, kidogo kama kifungo kikubwa, ambacho kinahifadhi kiasi cha mionzi iliyompata mtu, na kila baada ya muda hospitali wanavikusanya na kuvisoma. Mimba yake ilipokuwa changa alikuja likizo hoi, kichefuchefu asubuhi mpaka jioni. Kaka akampa chumba chake, yeye akahamia sebuleni. Mtoto wa watu akafika, akavua koti lake la kazi ambalo alisafiri nalo bila hata kujitambua, akalitundika kwenye ule msumari, juu kidogo ya sanduku la jiwe, na kibandiko chake kifuani. Koti likakaa pale likizo nzima.

Aliporudi kazini, kibandiko kikasomwa. Loo! Mkubwa wake nusura azimie. Wakasimamisha mashine, wakaichunguza, nzima kabisa. Wakamweka kitako, mwenye tumbo lake, wakamuuliza: koti hili lilikuwa wapi? Akasema, lilikuwa kwa baba, chumbani. Akiwa bado anasema hivyo, alinieleza baadaye, akaliona lile doa la kijani likitembea ukutani.

Alinipigia simu mimi, si baba yake. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shangazi, nakuomba unisikilize. Mimi nimepimwa, wameniambia nisiwe na hofu, mtoto yuko salama. Lakini mpango wa kuja kujifungulia huko na kukaa nyumbani, siwezi. Mwambie baba. Jiwe likiwa chumba kile, mimi na mtoto hatuji."

"Mwambie mwenyewe!"

"Nikimwambia mimi nitalia, na nikilia atakubali huku moyo wake umepasuka. Mwambie wewe."

Ahsante sana, mwanangu, nikasema moyoni, shangazi wa kazi chafu. Lakini ilibidi. Mumewe anaendesha malori, wiki nenda wiki rudi hayupo. Mtoto angekaa kwetu karibu mwaka mzima. Kaka alikuwa ameshapaka chumba rangi, ameshanunua beseni la kuogeshea na kulificha juu ya kabati nisilione, na mimi nimeshashona vifulana vya kujaza kapu. Tangu wifi aondoke, nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu, ya cherehani yangu na ya kikata vioo chake. Alikuwa anamngoja mtoto yule kuliko alivyowahi kungoja kitu chochote.

Nikamwambia kaka palepale, amesimama na kioo mkononi. Aliegemeza kioo ukutani kwa uangalifu.

"Siwezi," akasema. "Nilimpa mke wangu neno."

"Mkeo amekufa!"

Lilinitoka kabla sijalishika. Aliingia chumbani, na muda si mrefu nikasikia mfuniko ukifunguka, ingawa haikuwa asubuhi.

Kesho yake akaja mama mmoja wa vipimo, ametumwa na ofisi inayoangalia maeneo ya ule mgodi uliofungwa, maana hospitali waliwapa taarifa. Tulimwita Mama Kipimo, hata kwaheri tulimuaga kwa jina hilo na hakukataa. Mwanamke mfupi, mpole, viatu vya vumbi, na mkobani ana chombo kinacholia tik kila mionzi inapokigusa. Getini kililia mara moja moja, kama kuku anayedonoa. Barazani vilevile. Alipoingia chumbani kikaanza kuharakisha, na alipokisogeza kwenye sanduku kikalia kama mafuta ya moto yaliyotiwa vitunguu. Akakizima. Akatazama dirisha.

"Baba, hili linafunguka wapi?"

"Halifunguki," kaka akasema, na Mungu nisamehe, alisema kwa majivuno. "Hata vumbi halipiti."

"Na hili sanduku?"

"Hilo hata hewa."

Mama Kipimo alishika kichwa kwa mkono mmoja. Kisha akamwomba amwonyeshe anavyolimwagilia. Kaka akachukua kikombe na kijiko, akainama, uso karibu na kioo, mkono ukaenda kwenye mfuniko.

"Usifungue!" Alimshika bega akamrudisha nyuma. "Tosha, baba. Nimeona."

Akatutoa wote barazani. Akakaa kwenye kigoda cha wateja na kutueleza bila haraka, na bila kumfanya mtu ajione mpumbavu, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Urani, alisema, haitulii. Inajigeuza yenyewe, taratibu mno, kutoka kitu hiki kuwa kile, na mwisho wa safari yake ni risasi, ile risasi nzito ya kawaida. Kila inapojigeuza inatupa mionzi. Na katikati ya safari kuna kituo kimoja ambapo inakuwa gesi. Radoni. Haina rangi wala harufu, na huwezi kuihisi ikiingia kifuani. Jiwe la namna ile likiwekwa mbali na watu, mahali penye hewa inayopita, gesi inatawanyika. Lakini la kaka lilikuwa ndani ya chupa, na chupa ndani ya chupa nyingine.

"Unailimbikiza usiku kucha," akasema, "halafu asubuhi unafungua na kuivuta yote wewe."

Kaka alitazama viganja vyake. "Kwa hiyo kazi yangu ni mbaya."

"Kazi yako ni nzuri mno, baba. Ungekuwa fundi mbovu wasiwasi wangu ungepungua."

Nilitamani kucheka lakini nilivyomwona kaka nikameza. Mama Kipimo akasema atalichukua, kuna kabati kwenye ofisi yao lenye bomba la kutolea hewa nje, mawe ya aina hiyo yanakaa humo.

"Mtalimwagilia?" kaka akauliza.

"Hapana, baba. Hatumwagilii."

"Basi litakauka."

"Linaweza."

"Basi lisiende."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilisimama mpaka kigoda cha cherehani kikaanguka. Nikamwambia yote. Nikamwambia kichwa chake ni kigumu kuliko hilo jiwe, kwamba binti yake analia peke yake mji wa watu na tumbo mbele, kwamba atamkosa mjukuu kwa ajili ya kipande cha kifusi.

"Si kipande cha kifusi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kila asubuhi namuuliza ameamkaje. Sina mwingine wa kumuuliza."

Nilikaa chini kabisa, sakafuni, nikalia kwa kwikwi mbele ya mgeni, na sikujali. Nami nilikuwa nimemkosa wifi yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama Kipimo alituacha tulivyo. Alivaa glavu na kifuniko cha pua, akatoa sanduku mpaka uani penye upepo, akasimama upande upepo unapotoka, akafungua. Akangoja kitambo. Kisha akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaliangalia jiwe, akaligeuza kwenye jua, akaliangalia tena. Alikaa nalo sana. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba," akaita, "nani alikwambia halijakauka?"

"Nini?"

"Njoo, simama hapa, usiguse. Tazama."

Kaka akainama kwenye kile kioo cha kukuzia. Aliniambia baadaye alichokiona: zile karatasi za kijani, kubwa kama milango, na kila mlango umejaa nyufa nyembamba na ukungu wa maziwa ndani yake, kama kioo kilichopata moto siku nyingi.

"Bichi ni angavu," Mama Kipimo akasema. "Unaona mpaka ndani. Likiwa na maji yake yote, kitabuni linaitwa torbeniti. Likipungukiwa linaitwa metatorbeniti, umbo ni lile lile, kijani kinabaki, ila limefifia hivi. Tutalipima kwenye mashine tuhakikishe, lakini macho yangu yananiambia lilikauka zamani. Zamani sana."

"Sijawahi kuruka siku hata moja!"

"Naamini. Hata ungelizamisha kisimani. Yakishatoka hayarudi. Lilikuja kwako likiwa kavu."

Na hapo mimi, sakafuni, na kamasi zangu, nikaona jiko.

Nililiona kama liko mbele yangu. Jiko la mama yake wifi, na juu ya jiko rafu ya bati yenye kopo la chumvi, na kando ya kopo lile jiwe la kijani. Lilikaa pale masika yote na kiangazi chote, likipigwa na joto la moto chini yake, kwa sababu kaka yangu alikuwa anazungukazunguka uchumba bila kufungua mdomo. Kila siku alikwenda pale kutazama kama kioo cha dirisha lao kimekaa sawa! Na wifi alinionyesha rafu ile kwa mwiko akasema, "Mwambie kaka yako akichelewa zaidi, hata zawadi yake itakauka." Tulicheka mpaka sufuria ikaungua.

"Kaka," nikasema. "Alijua."

Nikamweleza yote, rafu, chumvi, mwiko. Nikamweleza alivyonikonyeza siku ile ya leso, nami nisielewe, nikidhani ni mahaba. Yeye aliyenifundisha kwamba maji yakitoka hayarudi, ndiye aliyempa kaka jiwe kavu na kumwambia alimwagilie. Alikuwa anamtania mchumba wake mzito. Halafu mchumba akajenga sanduku lisilopitisha tone, na kila asubuhi ya ndoa yao anamwamkia, na wifi, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, hakutaka kuyakatisha maamkizi hayo.

Kaka alisimama uani bila kusogea. Upepo ulikuwa unapuliza fulana yake.

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia liache lipumzike. Nikasema anaweweseka."

Kisha kicheko kikaanza. Kilianzia tumboni, mabega yakatikisika, akashika ukuta. "Mwanamke yule!" akasema. "Mwanamke yule, jamani!" Alicheka na machozi yakamshuka mpaka shingoni, na Mama Kipimo akageukia upande wa uzio wa mabati kana kwamba ana la kupima huko.

Alipotulia alifuta uso kwa mkono wa shati. "Lichukue," akasema.

Likaenda, na sanduku lake, na sponji, na kikombe na kijiko, vyote kwenye ndoo yenye mfuniko. Mama Kipimo alitusimamia tukapangusa chumba kwa matambara mabichi, mara mbili, akamwambia kaka akapigwe picha ya kifua na asiache kurudi kila mwaka. Picha ya kwanza ilikuwa safi, nasema ahsante kwa hilo. Baadaye alipiga simu: mashine imesema vilevile, jiwe lilikuwa kavu.

Jioni ya siku ile ile kaka alichukua patasi akaenda kwenye dirisha lake. Sijawahi kumwona fundi akibomoa kazi yake kwa namna ile, kwa upole, kama anamvua mtu bandeji. Alitoa kile kioo kizima. Akaweka mbawa mbili zenye bawaba, zinazofunguka mpaka ukutani, na harufu ya vitunguu vya jirani ikaingia chumbani kama mwenye nyumba.

Mpiga Picha alijifungua, akaja. Mtoto wa kike, paji la uso la bibi yake, sauti ya shangazi wa mama yake, masikini. Asubuhi ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani mapema, pindo mkononi, dirisha liko wazi. Nikamsikia kaka akitoka sebuleni. Nikamsikia akichota maji jikoni. Nikamwona akiingia chumbani na kikombe kipya, anatembea kama mtu aliye katikati ya ndoto, mpaka kwenye ile meza ndogo. Juu ya meza kulikuwa na nepi zilizokunjwa. Akasimama pale na maji yake.

Midomo yake ilifunguka. Nikajua anachotaka kusema, nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Umeamkaje?" akasema, taratibu, na hakumalizia.

"Nimeamka salama, baba," Mpiga Picha akajibu kutoka kitandani, mtoto yuko kifuani anavuta kwa nguvu. "Nipe hayo maji, kiu ya kunyonyesha itaniua."

Kaka akageuka. Akampa. Binti aliyanywa yote bila kupumzika, na mtoto hakuacha kunyonya. Kisha akamrudishia kikombe, na kaka akaenda kuchota mengine.